Malmal, Samli na Mtoto Aliyekataa Titi

Wewe uliyelalia ubavu mmoja kwa sababu ubavu wa pili haugusiki, na mtoto analia karibu yako, haya nakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa wa titi unatoka wapi. Madaktari wana maneno yao, na mimi nina titi lenye kovu. Nitakwambia yaliyonipata, nawe uchukue kinachokufaa.

Nilikuwa nimetoka tu katika arobaini ya uzazi. Tulikuwa tumepiga kambi upande wa Tarbaj, mwisho wa jilaal, kile kiangazi kirefu kinachokausha mpaka mate. Ilikuwa miaka ile baada ya Mtaliano kushindwa vita, malori ya wafanyabiashara yameanza tena kupita njia ya Elwak. Rukia ndiye mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa mnyonyaji hodari, hana simile, akishika titi hamwachi mtu mpaka ashibe.

Titi la kushoto lilianza kwa kuwasha, nikalipuuza. Likauma, nikajikaza. Asubuhi moja nikaamka upande wa chini umekuwa mgumu kama soli ya kiatu, ngozi imevutika inang'aa, na mimi natetemeka chini ya shuka mbili ilhali nje jua linachoma. Mtoto alipovuta maziwa nilipiga ukelele, akashtuka, tukalia wote wawili.

Mama mkwe wangu, Batula, tulimwita Eddo, yaani shangazi, kwa heshima. Alikuwa mtu wa kutenda kwanza na kuuliza baadaye. Aliponiona alifungua kifurushi chake cha malmal bila hata kukaa.

Kwetu malmal haikosekani ndani ya nyumba. Ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba, Waswahili huuita manemane. Gome likipasuka hutoka machozi ya rangi ya chai, yakikauka huwa madonge. Ndugu yake, hagar, ni ya kuoshea ngamia wenye kupe, lakini malmal ni ya watu. Kitovu cha mtoto mchanga, ufizi unaotoka damu, kidonda cha mwiba, vyote hupakwa malmal. Na ina kazi nyingine ambayo kila mama wa kwetu anaijua: siku ya kumwachisha mtoto ziwa ikifika, unapaka malmal kwenye chuchu. Ni chungu ajabu. Mtoto mkubwa anaonja mara moja, anakunja uso, anakwenda zake kucheza.

Sasa wewe msomaji umekwisha kuona mambo yanakoelekea. Sisi hatukuona. Homa ilikuwa kali, na hofu ikiingia nyumbani akili hutoka kwa mlango wa pili.

Batula aliitwanga malmal, akaikoroga kwa maji ya moto, akapaka titi bovu lote, chuchu na kila kitu. Kisha akahamia la kulia.

"Eddo, hili ni zima," nikamwambia.

"Najua ni zima. Ugonjwa una miguu, Kaltuma. Tunaufungia njia kabla haujavuka."

Niliona ni maneno ya busara. Nikamshukuru.

Rukia alipoletwa kunyonya, alifungua mdomo kwa ile pupa yake, akashika, halafu akaachia kama aliyeumwa na siafu. Tukamjaribu upande wa pili. Akakunja uso, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hapo ndipo Batula na mimi tulipotazamana. Tulikuwa tumemwachisha ziwa mtoto asiyetimiza hata miezi miwili.

Tuliosha. Wakati ule maji yalikuwa yanatoka mbali kwa ngamia na kila mtu anayahesabia koo lake, lakini tulimwaga maji kama watu wa mtoni. Tukaosha kwa chai, tukasugua kwa majivu. Kila tulipomleta, Rukia alinusa, akageuza shingo. Mbuzi walikuwa wamekauka maziwa. Maziwa ya ngamia tulimpa kwa kijiko, tumbo likamwendesha, na baada ya siku mbili mapaja yake yale mafuta yakaanza kukunjamana. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baadaye.

Batula akasema neno nililokuwa namwomba Mungu asilitamke.

"Mpe Dahabo."

Dahabo alikuwa mke mwenzangu, mke mkubwa. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka yangu, na ananyonyesha mwanawe wa kiume aliyekuwa karibu kutembea. Tangu nilipoolewa, mazungumzo yetu yalikuwa salamu na moto: salamu asubuhi, na kuombana kaa la moto jioni. Hakunitukana hata siku moja. Alininyamazia tu, na kunyamaziwa na mtu anayeishi mlango wa pili ni adhabu. Nilisema heri nife kuliko mtoto wangu anyonye kule.

"Wewe ufe, sawa," akasema Batula. "Huyu naye amekosa nini?"

Dahabo mwenyewe alikuja, hakungoja kuitwa. Alisimama mlangoni na kusema, "Mlete," akanyoosha mikono. Rukia alimshika titi pale pale mbele yangu, akanyonya huku anakoroma kwa njaa. Nilishukuru Mungu, na wakati huo huo nilitamani kumpokonya. Nakwambia yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwepo.

Jipu lilizidi. Malmal ya Batula haikulifikia, ilikuwa juu ya ngozi na usaha uko chini. Lori la mfanyabiashara mmoja lilipita kwenda Wajir, mume wangu Hassan akaomba nafasi, nikapandishwa juu ya magunia ya ngozi za mbuzi pamoja na Batula. Rukia hakuweza kuja, angekula nini njiani? Nilimwacha mikononi mwa Dahabo. Lori lilipoondoka sikugeuka nyuma, maana ningeruka.

Zahanati ya serikali pale Wajir ilikuwa na kibaraza kirefu cha chokaa, na kibaraza hicho ndicho nilichokijua kuliko nyumba yoyote. Waliotangulia kuingia ni askari, kisha watu waliochomwa mikuki au kuumwa na nyoka, kisha sisi. Ukifika alfajiri unapata kivuli cha ukuta, ukichelewa unapata jua. Nilijifunza kukaa nimeegemea bega la kulia na kuhesabu mijusi. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja, Zuhura, mke wa askari wa polisi kutoka pwani, aliyekuwa akija kutibiwa macho. Yeye alijua Kisomali cha sokoni, nami sikujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Tukaelewana.

Aliyetibu wanawake siku zile alikuwa dresa, msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, mwanamume wa bara, mpole, mwenye vidole vifupi safi. Batula aliposikia kwamba mwanamume ndiye atakayelishika titi langu, alinishika mkono turudi Tarbaj. Zuhura ndiye aliyeokoa jambo. Alisema ataingia nami, atanifunika shuka mwili mzima, aache tundu tu penye jipu. Batula akafikiri, akasema tundu liwe dogo.

"Mama, hii jipu iko ndani sana," dresa alisema. "Nitapasua. Utauma kitambaa."

Niliuma kitambaa. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Lakini usaha ulipotoka, ulitoka na homa, na maumivu yaliyokuwa yakinipiga kama nyundo usiku na mchana yakakatika pale pale. Nililala juu ya ile meza mpaka wakaniamsha. Kwa hiyo nakuomba: ukiona titi limekuwa gumu na homa imepanda, usingoje lori lipite lenyewe. Kitakachotoa usaha ni kisu, mengine yote ni ya baadaye.

Dresa alijaza kidonda utambi wa kitambaa, na tangu hapo siku zangu nilizijua kwa vitambaa. Kulikuwa na siku za vitambaa vilivyotoka vimelowa na kunuka, kisha zikaja siku za vitambaa vyenye doa la damu safi. Mwisho zikaja siku ambazo dresa aliingiza utambi mfupi kama kidole, akaguna kwa kuridhika. Mwili wangu ulikuwa umekwisha. Nywele zilitoka kwenye kitana, pete iliteleza kidoleni. Titi la kushoto lilisinyaa na kupinda upande, nikaona aibu kulitazama.

Siku moja mwanzoni mwa vitambaa, dresa alitaka kunifunga kifua kwa kitambaa kipana, maziwa yakauke, kidonda kipate nafasi. Wengi walifanyiwa hivyo. Zuhura alipotafsiri niliruka, nikatumia Kiswahili chote nilichokuwa nimeokota kibarazani.

"Habana funga! Mtoto yangu anarudi!"

Dresa alinitazama. "Mtoto iko wapi?"

"Tarbaj."

"Tarbaj ni mbali, mama."

"Mimi najua iko mbali. Habana funga."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Haya. Titi ni yako."

Basi kila adhana nilijikamua. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, nikimaliza kuswali naketi nyuma ya ukuta na kukamua la kulia ndani ya kikombe, kisha la kushoto polepole, nikikwepa kidonda. Mwanzoni yalitoka matone, mengine yana damu. Batula aliniambia najitesa bure, kwamba Rukia amekwisha kuzoea kwingine. Nilimwambia ngamia aliyefiwa na ndama hukamuliwa, seuze mimi ambaye wangu yu hai. Kesho yake akaanza kunipikia uji wa mtama kwa samli, bila kusema ni wa nini.

Kitu kilichobadilisha mambo kilitokea kwa udadisi tu. Dresa aliona kifurushi cha malmal cha Batula, akaomba kunusa. Alisema hata kwao kuna miti inayolia utomvu, lakini huu hakuujua. Akachukua donge moja akalitia katika kikombe cha maji, na jingine katika kichupa cha spiriti, akaviacha dirishani mpaka kesho.

Kesho yake tulikusanyika kuviangalia kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani. Maji yalikuwa yamegeuka meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, lakini chini kulikuwa na chenga nyingi za kahawia ambazo hazikuyeyuka hata tulipokoroga. Spiriti nayo ilikuwa na rangi ya dhahabu, na kilichobaki chini kilikuwa kitu cheupe cha kunata, kama gundi ya mgunga.

"Hii ni vitu mbili," dresa akasema. "Moja inapenda maji. Moja inakataa maji."

Akadondosha ile ya spiriti kwenye kipande cha kioo, akakianika. Ilipokauka ikabaki ngozi nyembamba inayong'aa. Nikauliza kama naweza kuonja, akasema kidogo tu. Ile ya maji ilikuwa chungu ya kuvumilika. Ile ya kioo ilinikunja uso wote, ulimi ukawa kama wa kuazima.

Nilicheka peke yangu, Batula akadhani homa imerudi. Uchungu ulikuwa ndani ya ile inayokataa maji! Tulimwaga mapipa ya maji juu ya kifua changu kuondoa kitu ambacho maji hayakiwezi. Maji yaliondoa gundi tu, na uchungu ukabaki umeshikamana na ngozi. Na mimi ni binti wa mtu aliyeokota utomvu upande wa Elwak! Utotoni mikono yetu ilikuwa myeusi kwa malmal, na hakuna aliyejisumbua kunawa maji. Mama alitupaka mafuta ya mkia wa kondoo, tunasugua, tunafuta kwa majani, mikono inatoka safi. Nilikuwa nalijua jambo hili kwa mikono, sikulijua kwa kichwa.

"Mafuta," nikamwambia Batula. "Samli, Eddo. Kwanza samli, ndipo maji ya moto na sabuni."

Batula alijipiga paja. "Subhanallah," akasema. "Na samli tunayo."

Dresa aliniruhusu kuondoka kidonda kilipokuwa kifupi, lakini hakijafunga. Vitambaa vyake havingefika Tarbaj, hivyo akakubali nikioshe kwa maji ya malmal yaliyochemshwa, kwa nje tu, nisishindilie kitu ndani. Nilirudi juu ya lori jingine, mawingu ya gu, mvua zetu za masika, yakijikusanya upande wa mashariki, na moyo uko juu juu njia nzima.

Dahabo alinitolea Rukia mlangoni. Alikuwa amenenepa. Ana mikunjo mipya shingoni. Nilipompokea alinitazama kama anavyotazamwa mgeni, mdomo ukatetemeka, akageuza kichwa kumtafuta Dahabo.

Usiniulize nilihisi nini.

Nilianza kazi. Kila asubuhi niliosha kidonda kwa maji ya malmal, nikafunika. Kisha nilipaka samli kifuani kote, nikasugua taratibu, nikafuta kwa kitambaa, nikarudia, kisha maji ya moto na sabuni. Mwisho nilijionja mwenyewe kwa kidole: kidole kikiwa na uchungu, narudia tena. Shuka zangu zote zenye harufu ya malmal na ubani nilizitundika mitini mbali na nyumba. Kisha nakwenda kwa Dahabo, namchukua Rukia, namweka kifuani. Analia. Namrudisha. Adhuhuri nakwenda tena. Analia. Namrudisha. Kambi nzima ilijua ratiba yangu, na midomo ya watu haina kufuli.

Hassan alinionea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko dhihaka.

"Mtoto ananyonya, anashiba," akasema. "Unatafuta nini tena?"

"Mtoto wangu."

"Kwani amekwenda wapi? Si yuko hapo, mlango wa pili."

"Basi hamia wewe mlango wa pili, uone kama mimi nitasema uko hapo hapo."

Hakuniongelesha mpaka jioni. Nilikuwa na haki na nilikuwa mkali, na sikujutia hata kimoja.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, mvua ya kishindo, watu wote wakakimbilia ndani ya nyumba za mikeka. Nilikuwa nimemchukua Rukia kwa jaribio la adhuhuri, tukanaswa mimi naye. Hakukuwa na pa kumrudisha. Alilia mpaka akachoka, akaanza kusinzia begani. Nikamshusha polepole, usingizi ukiwa umemchukua nusu, nikakamua tone kwenye mdomo wake. Akalilamba. Akangoja, kama anayefikiri. Kisha akashika titi la kulia, akavuta mara moja, akaachia, akashika tena.

Batula alikuwa pembeni ameziba mdomo wake kwa mkono, machozi yanamtiririka. Rukia alinyonya mpaka mvua ikapungua, kisha nikamhamishia upande wa kushoto, juu kidogo tu ya kidonda. Aliuchukua nao. Maziwa yalikuwa machache, lakini yalikuwepo, na aliyemeza alikuwa wangu.

Siku zilizofuata nilimnyonyesha mimi tu. Sikumpeleka mlango wa pili hata mara moja. Niliogopa akikumbuka kule atanisahau huku. Majani yalichipua, mbuzi wakaanza kutoa maziwa, kidonda kikafunga na kuacha kovu hili. Watu walinipongeza. Nilitembea kambini kifua mbele, wallahi, kama niliyetoka Makka.

Dahabo sikumwona. Nikadhani ananinyamazia tena. Kisha asubuhi moja nikamwona Batula akipita mbele ya mlango wangu na kinu kidogo mkononi, anakwenda kwake.

"Eddo, ni nini?"

"Dahabo ana homa."

Nilimfuata. Dahabo alikuwa amelala ubavu mmoja, mkono mmoja ameutenga na mwili. Sikuhitaji kuambiwa. Mwanawe alikuwa amekwisha kujua kula ugali na maziwa ya mbuzi, ananyonya kwa kubahatisha tu. Mwili wa Dahabo ulikuwa umejifunza kutengeneza maziwa ya watoto wawili, na mimi nikamwondoa mmoja kwa siku moja. Nilimgusa titi. Lilikuwa gumu na la moto, lakini bado halijaiva, bado maziwa yangeweza kutoka kama pangekuwa na wa kuyavuta. Mwanawe alikuwa amejaribiwa, akalikataa kwa sababu limekaza.

Batula alikuwa amekwisha kutwanga malmal. Alichovya vidole ndani ya kinu.

"Weka chini hiyo, Eddo," nikasema.

"Kaltuma—"

"Weka chini. Tafadhali."

Nilirudi kwangu. Rukia alikuwa ameamka na njaa, ananitafuta kwa macho, amekwisha kufungua mdomo. Nilimbeba hivyo hivyo na njaa yake, bila kumpa hata tone, nikavuka ule uwanja mdogo. Miguu yangu haikutaka. Nilienda nayo.

Dahabo aliponiona na mtoto aliinua kichwa. "Hapana," akasema. "Umepigana sana arudi kwako."

"Nimepigana. Sasa mshike."

"Na akikataa kurudi tena?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimetembea nalo kutoka mlango wangu mpaka wake. Nilipiga magoti, nikamlaza Rukia kwenye lile titi lililokaza, nikalibonyeza kwa vidole viwili pembeni ya chuchu ili alipate. Akalishika kwa ile pupa yake. Dahabo alipiga ukelele, akanishika mkono wangu, akaukaza mpaka kucha zikaniingia.

"Vumilia, abaayo," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita dada. "Vumilia, yanatoka."